Ngitili: Malisho Yanayorudisha Msitu

Mwanafunzi atokaye Nyasubi, mjini Kahama, kwa miguu au kwa baiskeli kuelekea vijijini, na aitafute ngitili. Hili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza ili nyasi zikue, kisha hulifungua wakati wa kiangazi, ng'ombe wanapokosa chakula kwingineko.

Misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kupanua mashamba ya pamba na kupata kuni. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ambao haukutegemea upandaji wa miche pekee, bali ulifufua desturi ya ngitili. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto.

Siri imo ardhini. Mti uliokatwa huacha mizizi hai yenye akiba ya chakula. Mifugo ikizuiwa, kisiki huchipua. Lakini kikikatwa mara kwa mara kwa ajili ya mkaa, akiba hukwisha, nacho hufa.

Kwa idhini ya mwenye eneo, wanafunzi na wapime mita mraba moja ndani ya ngitili na nyingine nje, wahesabu machipukizi na aina za nyasi. Hesabu hiyo, ikirudiwa kila mwaka, itawaonyesha kama msitu unarudi au unatoweka.