Masisi–Walikale: Njia ya kando ya mto inaweza kuua hata mvua ikiisha kuacha

Ukitoka Masisi kuenda Walikale, unashuka. Masisi iko juu, milima ya malisho na mashamba. Walikale iko chini, ndani ya pori. Maji nayo yanashuka vilevile: Osso, Lowa na vijito vyake vyote vinatafuta Lualaba. Kwa kushuka hivyo, mito imechimba mabonde marefu yenye kuta kali. Njia nyingi za mguu zinapita palepale, kati ya mto na mlima. Pikipiki ikishindwa na matope, mama mwenye mzigo mgongoni anapita huko kuenda shambani, sokoni ao kwa matibabu.

Njia hiyo ni ya mkato, lakini ina hatari mbili. Na zote mbili zinaweza kuja wakati mvua haionekani.

Ya kwanza ni maji ya gafla. Mvua ikinyesha kule juu, unapopita wewe jua linaweza kuwa linawaka. Bonde likiwa nyembamba, maji hayana pa kutawanyika. Yanapanda ndani ya dakika chache. Kenya wanajua jambo hilo. Karibu na Naivasha, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, wageni walikuwa wanalipa ili watembee chini ya kuta za mawe za bonde la Ol Njorowa. Mwezi wa 4, 2012, maji ya gafla yaliua watu 7 humo, watu wa kikundi cha vijana wa kanisa. Mwezi wa 9, 2019, ikarudilia: watalii pamoja na kiongozi wao walibebwa.

Ya pili ni udongo. Mvua ya siku nyingi inaingia ndani polepole, udongo unakuwa mzito na kuteleza juu ya mwamba. Ndiyo maana mlima unaweza kuanguka kesho yake, mvua imeisha kuacha. Pale miti imekatwa, hatari inaongezeka miaka michache baadaye, mizizi ikiisha kuoza. Mto nao unakula mguu wa mlima, zaidi upande wa nje wa kona. Tarehe 2/4/2023, huko Bolowa, teritwari ya Masisi, mlima uliangukia wamama na watoto waliokuwa kwenye kijito chini yake. Watu karibu 20 walikufa.

Kuko alama za kuangalia mbele ya kupita:

– Maji yamegeuka rangi ya udongo ao yanaleta majani na miti: panda juu mara moja, usingoje.
– Kijito kimepunguka gafla wakati wa mvua: pengine udongo umekiziba kule juu, na kizuizi kinaweza kupasuka.
– Ardhi ina nyufa mpya juu ya njia, miti imeinama, ao chemchemi imetokea pasipokuwa maji.
– Sauti ya kunguruma, mawe madogo yanaanguka: toka kwa upande, usikimbie kufuata mteremko.

Sehemu nyingi zina njia ya pili, ile ya mgongo wa mlima. Ni ndefu, na mwenye mzigo anaikwepa. Lakini mtu anaweza kuzunguka: kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8, apite mtoni, miezi ya mvua nyingi apite juu, hata kama atafika jioni. Walikale mvua hainyamazi sana hata kiangazi, kwa hiyo huko kuuliza wanaotoka upande wa juu kunafaa siku zote.

Kwa kilalo cha miti, wapite mmoja mmoja. Maji yakifika kwenye miti ya kilalo, wangoje yashuke. Na siku ya salongo, kijiji kinaweza kufyeka njia ya juu kwanza, juu njia iliyofungwa na majani ndiyo inarudisha watu mtoni.