Frigeti Pallada: manowari iliyotumikia maneno kuliko mizinga

Manowari nyingi za matanga za Urusi zilijipatia jina katika mapigano. Azov ilisifiwa kwa vita vya Navarino vya mwaka 1827, na Merkuriy, meli ndogo ya mizinga 18, ilisifiwa kwa kuziponyoka manowari kubwa mbili za Waturuki mwaka 1829. Pallada haina sifa ya namna hiyo. Katika miaka yake zaidi ya 20 ya utumishi haikushinda pigano lolote la kukumbukwa, na mwisho wake ilizamishwa na Warusi wenyewe. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi ya Kirusi huenda asilijue jina la Azov, lakini la Pallada atakuwa amelisikia. Makala haya yanaeleza kwanza utumishi wa meli hiyo, kisha yanaonyesha kwa nini habari zake zinatuhusu sisi tunaosoma lugha.

1. Meli ya fahari

Pallada iliundwa Saint Petersburg, katika karakana ya Okhta, ikashushwa majini mwezi wa tisa 1832. Jina lake linatokana na Pallas Athena, mungu mke wa Wayunani wa kale, mwenye hekima na vita. Ilikuwa frigeti, yaani manowari ya milingoti mitatu, ndogo kuliko zile zilizopangwa mstari mmoja wakati wa mapigano, lakini yenye mbio zaidi. Urefu wake ulikaribia mita 53, na ilichukua mizinga 52. Kaisari Nikolai wa Kwanza alitaka iwe nzuri kuliko nyingine, kwa hiyo iliundwa kwa uangalifu mkubwa.

Kamanda wake wa kwanza alikuwa Pavel Nakhimov, ambaye baadaye alikuwa admirali na kufa mwaka 1855 akiutetea mji wa Sevastopol. Tendo linalokumbukwa zaidi la wakati wake ni la usiku mmoja wa mwezi wa nane 1833. Kundi la meli lilikuwa likisafiri katika bahari ya Baltiki chini ya admirali Bellingshausen, yule aliyefika bahari ya Antaktiki mwaka 1820. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Nakhimov aliona mnara wa taa wa Dagerort, akatambua kwamba kundi lote linaelekea kwenye miamba. Bila kungoja amri ya mkubwa wake alitoa ishara ya hatari, kisha akageuza meli. Nyingine zilimfuata. Moja, iliyoitwa Arsis, ilichelewa ikagonga miamba. Basi tendo hilo la kwanza la Pallada halikuwa la mizinga: lilikuwa ujumbe uliotumwa kwa wakati na kueleweka na karibu wote waliouona.

2. Safari ya meli iliyochoka

Mwaka 1852 serikali ya Urusi iliamua kumtuma admirali Yevfimiy Putyatin kwenda Ujapani, nchi ambayo ilikuwa imewafungia milango wageni karibu wote. Meli iliyochaguliwa ni Pallada, chini ya kamanda Ivan Unkovsky. Ilikuwa na umri wa miaka 20, na kwa meli ya mbao huo ni uzee. Iliondoka Kronstadt mwezi wa kumi na watu zaidi ya 400. Haikufika mbali: ilikwama mchangani karibu na Denmark, ikabidi ifanyiwe matengenezo huko Portsmouth, Uingereza. Kipindupindu nacho kiliingia melini na kuua mabaharia.

Kwa kuwa wakati ulikuwa umepotea, Putyatin aliacha njia ya Amerika ya Kusini akapitia rasi ya Tumaini Jema. Kutoka huko walipita Java, Singapore na Hong Kong. Kabla ya kufika visiwa vya Bonin dhoruba kali iliwakuta, mlingoti mkuu ukaanza kuyumba, na kama ungeanguka ungeweza kuipasua meli. Walitia nanga Nagasaki mwezi wa nane 1853. Mwezi uliotangulia, Mmarekani Perry alikuwa amekwisha kufika karibu na Edo na meli nne, mbili za mvuke.

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani dhidi ya Urusi. Pallada, iliyokuwa ikivuja, isingeweza kupambana nazo. Warusi walijaribu kuificha katika mdomo wa mto Amur, lakini maji hayakuwa na kina cha kutosha. Waliishusha mizinga na kuiacha katika ghuba iliyo leo kwenye mji wa Sovetskaya Gavan, ikilindwa na askari wachache. Mwanzoni mwa mwaka 1856 ilizamishwa ili adui asiichukue. Mwezi wa tatu mwaka huohuo mkataba wa amani ulitiwa sahihi Paris.

3. Karani wa admirali

Kama habari zingeishia hapo, Pallada ingebaki katika majalada ya jeshi tu. Lakini karani wa Putyatin alikuwa Ivan Goncharov, mwenye miaka 40, aliyekuwa mfasiri katika wizara ya fedha. Kazi yake ilikuwa kuandika barua za admirali na kumbukumbu za mazungumzo. Pembeni ya kazi hiyo aliandika habari za safari, zikatolewa magazetini kuanzia 1855, na mwaka 1858 zikawa kitabu kinachobeba jina la meli. Riwaya yake kubwa, Oblomov, ilitoka mwaka uliofuata.

Kitabu hicho tukisome kwa macho mawili. Kina ucheki mwingi na uangalifu wa mambo madogo, lakini mwandishi aliwatazama watu wa Afrika na Asia kwa jicho la Mzungu wa wakati wake. Huko rasi ya Tumaini Jema, vita vya Waingereza na Waxhosa vilikuwa vimemalizika karibuni, na Warusi walikwenda kumtazama Seyolo, mkuu wa Waxhosa aliyefungwa. Tunajua jinsi Goncharov alivyomwona Seyolo. Seyolo alivyowaona Warusi, kitabu hakituambii.

4. Lugha nne mezani

Huko Nagasaki, Warusi hawakujua Kijapani, nao Wajapani hawakujua Kirusi. Njia iliyokuwapo ni Kiholanzi, kwa sababu Waholanzi ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara hapo. Putyatin alisema kwa Kirusi, ofisa Konstantin Posyet akageuza kwa Kiholanzi, na mkalimani wa Kijapani akageuza tena kwa lugha yake. Jibu lilirudi kwa njia ileile. Kwa maandishi kulikuwa pia na Kichina, alichokijua Iosif Goshkevich, aliyekuwa ameishi Beijing miaka mingi. Aliyewahi kukalimani mkutanoni kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, na mwingine akapokea kwenda lugha ya kijiji, anajua kinachoweza kupotea njiani.

Hata kukaa kulihitaji kufasiriwa. Wajapani walikaa juu ya mikeka. Warusi hawakuweza kukaa hivyo kwa muda mrefu, wala hawakutaka kuvua viatu. Mwishowe walileta viti vyao wenyewe kutoka melini, na juu ya viatu walivaa vifuniko vya kitambaa ili wasichafue mikeka.

Mkataba haukupatikana Nagasaki. Ulitiwa sahihi Shimoda mwezi wa pili 1855, baada ya Putyatin kuhamia frigeti mpya, Diana, ambayo nayo iliharibiwa na tsunami na kuzama. Uliandikwa kwa Kirusi, Kijapani, Kiholanzi na Kichina, na uliweka mpaka katika visiwa vya Kuril, ambavyo nchi hizo mbili zinagombania hadi leo. Goshkevich naye alishirikiana na Mjapani Tachibana Kosai kutunga kamusi ya Kijapani na Kirusi, iliyochapishwa mwaka 1857.

Kwa kumalizia

Tukipima Pallada kwa mizinga, tutasema ni meli iliyozeeka kabla ya kupata kazi yake. Tukiipima kwa maneno, hesabu ni nyingine: ishara moja iliyookoa meli nyingi, kitabu kinachosomwa bado, na wakalimani walioanza kazi iliyozaa mkataba na kamusi. Jina lenyewe bado linasafiri: meli ya matanga iliyoundwa Poland mwaka 1989 kwa kufundishia mabaharia, yenye makao Vladivostok, inaitwa Pallada. Wanahistoria wa vita huanza na orodha ya mizinga. Sisi wa kitivo cha lugha, tukisoma habari za safari kama hii, tuanze kwa kuuliza: nani alikuwa akifasiri, kutoka lugha gani kwenda lugha gani, na nani hakupewa nafasi ya kusema?