Isome Nguo Kabla ya Kuivaa

Ndugu msomaji, ulipokuwa hujui kusoma, maandishi yalikuwa kama mapambo tu. Uliyaona ukutani, kwenye makopo, kwenye magunia na kwenye nguo. Uliona rangi, lakini hukuona maneno. Leo unajua kusoma. Basi itazame nguo uliyovaa. Je, ina maandishi? Yanasema nini?

Mzee mmoja wa darasa letu alikuwa na fulana nzuri ya njano. Aliipata bure siku ya gulio. Aliipenda, akaivaa kila mahali. Siku moja aliivaa kwenda msibani. Mzee huyu ni Mwislamu, na hajapata kuonja pombe maisha yake yote. Alipoketi mkekani, watoto waliokuwa nyuma yake walianza kucheka. Aliwauliza wanacheka nini. Mtoto mmoja akamjibu kwa adabu, "Shikamoo babu. Mgongoni pako pameandikwa: Kunywa bia yetu."

Mzee aliinuka kimya. Alikwenda nyuma ya nyumba, akaigeuza fulana ndani nje, kisha akarudi kuketi. Wiki iliyofuata alikuja kujiandikisha darasani. Aliniambia, "Mwalimu, nimetangaza pombe miaka miwili bila kujua."

Nguo yenye maandishi husema. Anayeivaa ndiye anayeisemea.

Alama zilitoka wapi?

Zamani mtengenezaji aliweka jina lake ndani ya nguo, chini ya kola. Mnunuzi alilitazama ili ajue nguo imetoka wapi. Ukishaivaa nguo, hakuna aliyeliona.

Nchini Ufaransa alikuwako mcheza tenisi mashuhuri, jina lake René Lacoste. Watu walimtania kwa kumwita Mamba. Mwaka 1933 alianza kuuza mashati yenye picha ndogo ya mamba kifuani. Hivyo alama ilitoka ndani ya nguo ikaja nje. Watengenezaji wengine walifuata njia hiyo. Adidas ya Ujerumani ilijulikana kwa milia mitatu. Nike ya Marekani ilipata alama yake mwaka 1971. Alama hiyo ilichorwa na mwanafunzi aliyeitwa Carolyn Davidson, naye alilipwa dola 35. Mwaka 1983 kampuni ilimpa pia hisa kama shukrani. Leo watu wa dunia nzima hulipa fedha nyingi ili wavae mchoro huo.

Nani amlipe nani?

Fikiri jambo hili. Mwenye duka akitaka kuandika tangazo kwenye ukuta wa nyumba yako, utamwambia, "Lipa kwanza." Hiyo ni haki yako. Lakini ukinunua shati lenye jina kubwa la kampuni kifuani, wewe ndiwe ukuta, na wewe ndiwe unayelipa.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme shati lisilo na alama ni shilingi 10,000. Shati jingine la kitambaa kile kile, lenye alama, ni shilingi 25,000. Toa 10,000 katika 25,000. Inabaki 15,000. Je, hiyo 15,000 umenunulia nini? Si kitambaa. Si mshono. Umenunua jina.

Siyo kwamba kila nguo yenye jina ni mbaya. Nyingine zimeshonwa vizuri na zinadumu. Lakini alama yenyewe haizuii nguo kuchanika. Tena alama ni rahisi kuigwa. Mwenye kuiga hahitaji pamba nzuri. Anahitaji rangi na kibao cha kuchapia.

Herufi moja tu

Mama mmoja alisumbuliwa na mwanawe kwa muda mrefu. Kijana alitaka viatu vyenye alama kama vya wenzake. Mama akauza debe mbili za mahindi, akavinunua. Mvua ya kwanza iliponyesha, soli zilibanduka. Mama alileta kiatu kimoja darasani. Tulilisoma jina lake herufi kwa herufi, tukalilinganisha na jina la kweli. Herufi moja ilikuwa imeachwa. Viatu vilikuwa bandia. Mama alisema, "Herufi moja imekula debe mbili za mahindi."

Kwa hiyo, usione haya kusoma polepole sokoni. Weka kidole juu ya neno. Neno adidas lina herufi sita: a-d-i-d-a-s. Neno Nike lina herufi nne: N-i-k-e. Herufi ikizidi au ikipungua, rudisha bidhaa mezani. Lakini herufi zikiwa sawa, usiamini upesi, maana waigaji nao wanajua kusoma. Hapa Tanzania, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia.

Namna ya kuchagua nguo

Nguo iwe mpya au ya mtumba, fanya hivi:

1. Igeuze ndani nje. Tazama mishono. Nyuzi ziwe karibu karibu, zisiwe zinaning'inia.
2. Inyanyue mbele ya mwanga. Mwanga ukipenya sana, kitambaa ni chepesi.
3. Vuta vifungo taratibu. Funga na kufungua zipu mara tatu.
4. Muombe muuzaji ruhusa, kisha sugua nguo kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikipata rangi, nguo itachuja.
5. Soma kilebo cha ndani. Neno COTTON maana yake ni pamba, kama ile inayolimwa Shinyanga na Simiyu. Pamba hunyonya jasho. Neno POLYESTER maana yake ni nyuzi za kiwandani. Hizo hukauka upesi, lakini huleta joto.
6. Soma maandishi ya nje. Kama ni ya lugha usiyoijua, muulize mtu anayeijua.

Tujifunze kwa kanga

Maandishi kwenye nguo si jambo geni kwetu. Kanga ina maandishi, nayo ina alama za wafanyabiashara pia. Kanga nyingi za Mombasa ziliandikwa "Mali ya Abdulla". Lakini maandishi hayo ni madogo, yako pembeni. Yanayoonekana ni jina la kanga, yaani ule ujumbe wake. Mama hanunui kanga kabla ya kulisoma jina lake, au kusomewa. Anajua kwamba akiivaa mbele ya wifi au jirani, maneno yale yatakuwa yake. Tufanye hivyo hivyo kwa fulana na kofia.

Tusiwapigie vijana kelele

Wazee wengi wanachukizwa na mitindo ya vijana: suruali za mlegezo, na majina makubwa kifuani na mgongoni. Lakini tukumbuke. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Sketi fupi, suruali za kubana na mawigi vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Je, mitindo ilikwisha? Haikwisha. Miaka ya 1970 vijana walivaa bugaluu na viatu vya raizoni. Baadhi yao ndio wazee wanaogomba leo.

Mtindo hupita wenyewe. Fedha zilizotumika hazirudi. Basi keti na mwanao, mfanye hesabu ile ya shilingi 15,000 pamoja. Mwoneshe mshono. Mwache naye akusomee maandishi. Kijana aliyefanya hesabu mwenyewe atachagua vizuri kuliko aliyefokewa.

Yule mzee wetu bado anayo fulana ya njano. Anaivaa shambani, ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mzee aliigeuza fulana yake?
2. Kanga na fulana ya tangazo zinafanana kwa nini? Zinatofautiana kwa nini?
3. Kila mmoja alete darasani nguo moja yenye maandishi. Isomeni pamoja. Je, mwenye nguo anakubaliana na maneno yake?