Ini Halina Ulimi

"Mwanangu, tangu jana magharibi sijatia kitu mdomoni. Sasa hii sukari inatoka wapi?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, na mashine ya kupima sukari ya damu ilikuwa imesoma 13.4 mmol/L. Mkobani mwake mlikuwa na chupa ya nusu lita, imejaa maji ya kijani kibichi: majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kuchujwa kwa kitambaa. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, mwezi wa pili huo. Vidonge vyake vya kisukari alikuwa ameviweka kando ili dawa zisigongane.

Swali lake ni zuri, na nitalijibu. Linalonichosha ni lile lililofuata, maana nimeshaulizwa na madereva, mashehe na hata wauguzi: "Mbona haishuki, na vichungu nakunywa kila siku?"

Haishuki kwa sababu kichungu hakiui kitamu. Hakijawahi. Uchungu na utamu ni habari za ulimi, na mpaka wake ni kooni. Weka vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe cha chai, kisha kamulia humo shubiri. Ulimi utakataa kwamba kuna sukari, lakini vijiko vitatu vyote vimo na vyote vitaingia kwenye damu. Sasa geuza. Ugali hauna utamu, wala wali mweupe, wala muhogo wa kuchemsha. Lakini wanga wake ni glukosi tupu, imeungwa punje kwa punje kama shanga. Tafuna tonge la ugali mkavu dakika mbili bila kumeza, utausikia utamu ukianza kuja: mate yameanza kukata uzi. Wangapi wanaacha sukari ya chai, wanakunywa juisi chungu ya karela, kisha wanamega ugali wa kushiba watu wawili wakiamini wamejikinga?

Nirudi kwa sukari ya mama. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Akiwa mzima wa afya na hajala, sukari iliyomo katika damu hiyo yote ni gramu 4 au 5, kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia karibu gramu 120 kwa siku. Piga hesabu: kijiko hicho hakiutoshelezi zaidi ya saa moja. Kwa hiyo usiku kucha lazima awepo wa kujazia, na anayejazia ni ini. Hili Mfaransa Claude Bernard alilionyesha katikati ya karne ya 19: mbwa aliyelishwa nyama tu, bila chembe ya sukari, bado damu iliyotoka kwenye ini lake ilikuwa na sukari. Ini hutunza akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, gramu 100 hivi, na akiba ikipungua hutengeneza glukosi mpya kutokana na protini na mabaki ya mafuta. Kwa mtu wa kilo 70 hutoa kama gramu 8 kila saa. Tangu magharibi hadi asubuhi, mama yule alikuwa amelishwa na ini lake vijiko vya chai vinavyokaribia 20.

Huo ndio umetaboli. Watu wamezoea kulitumia neno hilo kwa maana ya kunenepa au kukonda, lakini kazi yake kubwa ni hii ya kupokea, kuweka, kutoa na kugeuza bila kuzidisha. Anayeliambia ini "inatosha" ni insulini kutoka kwenye kongosho. Katika kisukari cha aina ya pili amri hiyo inafika, lakini ini haliitii ipasavyo, hasa likiwa limejaa mafuta. Linaendelea kumwaga. Karibu na alfajiri homoni za kuuamsha mwili nazo hulisukuma limwage zaidi. Ndiyo maana mtu hulala na njaa akaamka na namba kubwa kuliko aliyolala nayo.

Hapo ndipo jirani huletwa kama ushahidi: "Yeye mwarobaini umemponya, hata sisimizi hawaji tena kwenye mkojo wake." Hoja ya sisimizi nimeisikia mno. Figo huanza kuachia sukari kwenye mkojo pale sukari ya damu inapopita kama 10, na kwa wazee wengi mpaka huo hupanda juu zaidi. Sisimizi wakipotea, maana yake umeshuka chini ya mpaka wa figo zako. Unaweza kuwa na 9 kila asubuhi, chooni hakuna sisimizi hata mmoja, na macho na mishipa ya miguu inaharibika kimyakimya. Zaidi ya hapo, muulize jirani siku aliyoanza mwarobaini aliacha nini kingine. Mara nyingi atakwambia aliacha soda, akapunguza chakula cha usiku, akaanza kutembea. Sifa zote zimekwenda kwa majani.

Sidharau mimea. Metformini, kidonge ninachokiandika kuliko vyote, asili yake ni utafiti wa viambato vya mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne alichapisha habari za kukitumia kutibu kisukari. Kazi yake kubwa ni kulituliza ini hilohilo. Lakini kidonge cha miligramu 500 kina miligramu 500, leo na mwakani. Kikombe cha mwarobaini kina nini? Majani ya masika au ya kiangazi, konzi moja au tatu, hakuna ajuaye, na figo zinazokipokea huenda zimeshachoka. Unga wa kwenye pakiti unaweza kuwa hatari zaidi, maana hujui kilichochanganywa humo. Singapore mwaka 2008, watu wapatao 150 walifikishwa hospitali sukari ikiwa imeanguka vibaya, tukio lililohusishwa na dawa haramu za nguvu za kiume zilizokuwa zimechanganywa kwa siri na glibenclamide, dawa ya kisukari. Wanne walikufa.

Kwa mzazi wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza sitapunguza ukali: usiache sindano hata siku moja kwa ajili ya majani, maji au maombi. Omba, na mchome sindano. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson wa miaka 14 alipochomwa insulini huko Toronto, watoto hawa walikuwa wakifa karibu wote. Hata leo, mtoto akikatiziwa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache tu.

Vya kufanya, haraka haraka. Metformini imeze pamoja na chakula, tumbo halitasumbuka sana. Soda na juisi acha kabisa, hata juisi ya matunda uliyokamua mwenyewe. Nusu ya sahani iwe mboga, ugali robo. Tembea dakika 15 baada ya kula, maana msuli unaofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Punguza uzito: katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2017, karibu nusu ya waliopewa mpango mkali wa chakula walikuwa nje ya kisukari baada ya mwaka, bila dawa, na waliopunguza kilo 15 walifanikiwa zaidi, ila fanya hivyo ukiwa na daktari. Omba kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu. Pimwa macho, miguu na figo kila mwaka. Ukitoka jasho jembamba na kutetemeka, huenda sukari imeanguka: kula sukari kwanza, maswali baadaye.

Mama nilimwomba apime mara mbili kila siku, kwa siku tatu, kabla ya kulala na alfajiri, na katikati asile kitu. Alirudi na daftari lililopigwa mistari kwa rula. 9.1 usiku, 12.8 alfajiri. 8.7, 12.9. 9.4, 13.2. Akaweka kidole kwenye nafasi tupu kati ya safu mbili. "Hapa," akasema, "ndipo ini linapofanya kazi." Tukarudisha vidonge siku hiyohiyo, na chupa akaiacha mezani kwangu.