Fahamu Kuhusu Fangasi wa Damu na Usugu wa Dawa Hospitalini

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi anapopata homa isiyoshuka licha ya kupewa antibiotiki, chanzo chake chaweza kuwa si bakteria, bali fangasi jamii ya hamira waitwao Candida. Fangasi hao huishi mdomoni, tumboni na ukeni, na kwa mtu mwenye afya njema kwa kawaida hawaleti madhara makubwa. Hatari huanza wanapoingia katika damu.

Maambukizi hayo huonekana zaidi katika hospitali kubwa za mijini, kwa kuwa ndiko wanakopelekwa wagonjwa wa upasuaji mkubwa wa tumbo, wanaowekewa mirija kwenye mishipa, wanaotibiwa saratani, na watoto njiti. Aidha, antibiotiki zinazotumiwa kwa muda mrefu huua bakteria wanaoulinda mwili na kuwaachia fangasi nafasi ya kuongezeka.

Aina inayotia wasiwasi zaidi ni Candida auris, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2009. Utafiti katika hospitali moja ya Nairobi, uliohusisha wagonjwa 201 waliokuwa na Candida kwenye damu kati ya mwaka 2010 na 2016, ulibaini aina hiyo kwa asilimia 38 kati yao. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka katika kundi la fangasi hatari zaidi.

Kwa nini ni vigumu kutibu?

Seli za fangasi zinafanana na za binadamu kuliko zile za bakteria. Hivyo ni vigumu kupata dawa itakayoua fangasi bila kumdhuru mgonjwa. Dawa za maambukizi ya damu zinatoka katika makundi makuu matatu tu, na flukonazo, iliyozoeleka zaidi, mara nyingi haiwezi kuiua Candida auris. Fangasi huyo pia hudumu kwenye ngozi, vitanda na vifaa tiba, na baadhi ya dawa za kawaida za usafi hazimwondoi.

Wajibu wa kila mmoja

Hospitali zinapaswa kuotesha sampuli za damu maabara ili kubaini dawa inayofaa, kuondoa mirija isiyohitajika tena, kuwatenga walioambukizwa na kusafisha vyumba kwa dawa zenye klorini.

Kwa upande wao, wananchi wanashauriwa kutotumia antibiotiki wala dawa za fangasi bila cheti cha daktari, kwani dawa ikitumiwa kiholela huua vimelea dhaifu na kuviacha vilivyo sugu vizaliane. Wanaotembelea wagonjwa watakase mikono kabla na baada ya kuwagusa. Vilevile, mgonjwa anayehamishwa, au ndugu zake, wataje hospitali zote alikolazwa awali, ili hatua za kinga zianze siku hiyo hiyo.