Kichwa kinapanda pikipiki, mwili hauwezi: namna ya kufufua mashini ya zamani ya kuchonga chuma

Wakati aksi ya mashini ya kusaga inavunjika kule Kabambare, haiumii mwenye mashini peke yake. Wamama wanarudia kinu na mchi, unga unapanda beyi, na fundi anafunga kile chuma kwenye pikipiki na kukitafutia njia: Kasongo, Kindu ao Kalemie. Mara mingi anaambiwa piese hiyo haiko, iagizwe mbali.

Lakini piese nyingi za namna hiyo zinaweza kuchongwa, kama kuna atelye yenye mashini nzuri. Na mashini nzuri mara nyingine iko, imelala kwenye kona sababu "kichwa" chake cha umeme kimekufa. Mwenyewe anangoja tu mnunuzi wa vyuma vya kilo apite. Ndugu msikilizaji, mbele ya huyo mnunuzi kupakia, soma kwanza habari hii.

Mashini yenyewe inafanya kazi gani?

Tunazungumza juu ya frezi. Mafundi wetu wengi wanajua turi: kule chuma kinazunguka na kisu kinakisogelea. Frezi ni kinyume. Kisu ndicho kinazunguka, na chuma kimefungwa juu ya meza. Mashini inatembea kwa njia tatu: kushoto na kuume, mbele na nyuma, juu na chini. Mafundi wanaziita X, Y na Z. Kwa njia hizo tatu unaweza kuchonga mfereji wa klaveti kwenye aksi, kunyoosha uso wa chuma, kutoboa matundu yenye kulingana, ao kutengeneza muundo wa kumwagia plastiki.

Kwa frezi ya mkono, fundi anazungusha manivela na kusoma vipimo kwa macho. Kwa frezi ya CNC, motere ndizo zinazungusha visi za meza, na ordinatere inatoa amri. Amri zenyewe ni maandishi mafupi. Kwa mfano, "G1 X50 F200" maana yake: nenda mustari ulionyooka mpaka alama ya milimita 50, kwa mwendo wa milimita 200 kwa dakika. Amri mia moja za namna hii zikipangwa vizuri, piese inatoka. Na ukitaka piese hamsini zenye kufanana, unarudilia amri zile zile.

Hata ya kwanza ilikuwa mwili uliopewa kichwa

Wengine wanafikiri kutia kichwa kipya kwenye mashini ya zamani ni ujanja wa watu maskini. Sivyo. Mwaka 1949 Mmarekani John Parsons alipata mkataba wa jeshi la anga la nchi yake kwa kutafuta namna ya kuchonga piese za ndege kwa kufuata hesabu. Kazi ikaingia katika chuo cha MIT, na mwaka 1952 wakaonyesha watu mashini ya kwanza ya namna hii. Hawakuunda mwili mpya. Walikamata frezi iliyokuwa tayari, aina ya Cincinnati Hydro-Tel, wakaifungia motere na kichwa cha elektroniki chenye lampa 292. Amri zilikuwa kwenye ukanda wa karatasi wenye matundu. Kwa hiyo kazi hii ilianza vile vile: mwili wa zamani, kichwa kipya.

Kinachokufa na kisichokufa

Mwili wa frezi ni chuma kizito cha kumwaga. Ukipakwa mafuta na ukikingwa na mvua, unaishi miaka makumi. Kichwa chake hakina maisha hayo. Ndani ya kabati ya elektroniki ya miaka ya 1980, kondasatere zinakauka, vumbi na unyevu vinakula plake, na kiwanda kilichozitengeneza kimeacha zamani kuuzisha za kubadilisha.

Kuko tena jambo dogo linaloua mashini nyingi bure. Mashini nyingi za zamani zinahifadhi vipimo vyao kwenye kumbukumbu inayoshikwa na betri ndogo. Betri ikikufa, mashini inasahau yenyewe ni nani: urefu wa meza, mwendo wa motere, mahali pa kuanzia. Inawaka, inaonyesha makosa, watu wanasema imekufa. Kumbe imesahau tu. Mtu akibadilisha betri na kurudisha vile vipimo, wakati mwingine inaamka. Ndiyo maana fundi mwenye akili anaandika vipimo vyote kwenye daftari mashini ikiwa bado nzima. Na anafuata kitabu cha mashini mbele ya kugusa betri: kwa mashini nyingi, inabadilishwa umeme ukiwa unawaka, si umezimwa.

Sasa fikiri juu ya barabara zetu. Frezi ya atelye ya kadiri, kama zile za Bridgeport zilizoanza kutoka Marekani mwaka 1938, ina uzito wa karibu tani moja. Kuifikisha Kasongo wakati wa mvua ni vita. Lakini kichwa kipya chote, yaani plake, vifaa vya kuendesha motere, nyaya na swichi, kinaingia kwenye katoni. Kichwa kinapanda pikipiki, mwili hauwezi. Mwenye mwili mzuri ambao uko tayari hapa ameshinda sehemu ngumu ya safari. Akiuuzisha kwa kilo, atakuwa ameuzisha kile ambacho barabara haiwezi kumrudishia.

Kazi inafanyika namna gani

Kwanza, pima mwili. Hapana kununua kitu chochote mbele ya hapo. Fundi anafunga komparatere, ile saa ndogo ya kupimia, anazungusha visi mbele na nyuma, na kuona inacheza kiasi gani mbele ya meza kuanza kutembea. Kama visi na njia za kuteleza zimekwisha, kichwa kipya hakitasaidia. Ordinatere haiponyi chuma kilicholika.

Pili, amua juu ya motere. Kama zile za zamani ni nzima, mara nyingine zinabaki, unabadilisha tu vifaa vya kuziendesha. Kama zimekufa, mashini ndogo zinaweza kupewa motere za hatua. Motere ya kawaida ya namna hiyo inagawa mzunguko moja katika hatua 200. Ikifungwa kwenye visi inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, kila hatua ni milimita 0.025. Hiyo inatosha kwa kazi mingi. Ubaya wake: ikizidiwa na mzigo inaruka hatua, na kwa kawaida haina jicho la kumwambia ordinatere kwamba imepotea. Motere za servo ziko na jicho hilo. Ni za beyi, lakini kwa mashini kubwa ndizo zinafaa.

Tatu, chagua kichwa. Kuko programu ya bure inayoitwa LinuxCNC. Ilianzia katika NIST, ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, miaka ya 1990, na leo watu wa dunia nzima wanaitengeneza pamoja. Inaweza kufanya kazi hata kwenye ordinatere iliyokwisha kutumika ya ofisini. Kwa mashini ndogo kuko GRBL, inayoingia kwenye plake ndogo ya Arduino. Viwanda vikubwa vinanunua vichwa vya Siemens, Fanuc ao Heidenhain, lakini hapo mfuko unaumia.

Ine, usalama. Buto nyekundu ya kusimamisha ikate nguvu ya motere yenyewe, isingoje ruhusa ya programu. Swichi za mwisho wa njia zifungwe kwa namna ambayo waya ukikatika, mashini inasimama. Mbele ya kufungua kabati, zima umeme, ngoja, kiisha pima: kondasatere kubwa zinashika moto wa umeme hata baada ya kuzima. Na mbele ya kufungua motere ya njia ya juu na chini, tia mti mgumu chini ya kichwa cha kisu ao chini ya meza. Mara mingi ni freno ya ile motere ndiyo inashikilia uzito wote. Ukiitosha, chuma kinashuka kwenye mikono yako.

Na umeme wetu?

Hapa ndipo wengi wanakwama. Frezi nyingi za viwanda zinataka umeme wa faze tatu. Katika Kasongo na Kabambare, wengi wanategemea grupu ndogo ao solere yenye faze moja. Dawa iko: kifaa kinachoitwa variatere kinapokea faze moja na kuitolea motere faze tatu. Kwa motere ndogo, tuseme mpaka kilowati 2 hivi, ni jambo la kawaida. Kwa kubwa, lazima hesabu ifanyike vizuri.

Jambo lingine: hapana kufunga mashini hii kwenye grupu moja na posti ya sudere. Kila mara sudere anapogusa chuma, umeme unashuka na kupanda, na elektroniki inachanganyikiwa. Waya wa ardhi uwe mzuri. Ordinatere iwe na betri yake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kisu kinaweza kuvunjika ndani ya chuma, na piese ya siku nzima ikapotea.

Wakati gani isifanywe

Tuseme ukweli. Kama kazi ya atelye ni kutengeneza leo aksi moja, kesho klaveti moja, frezi ya mkono inatosha. Unaweza kuitilia skrini ya vipimo tu, inayoonyesha meza iko wapi, na fundi akaendelea na manivela yake. Ni beyi ndogo kuliko CNC na mikono inabaki na ujuzi. CNC inalipa pale ambapo kuko piese mingi za kufanana: nyundo za mashini za kusaga, miundo, plake za matundu.

Na mtu ni wa lazima kuliko plake. Mwenye kujua kuchonga kwa mkono anajifunza amri kwa muda. Mwenye kujua amri peke yake atavunja visu. Vijana wa ITI na wale wanaopita kwa INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, ndio wangepaswa kuanza: mmoja wa chuma, mmoja wa umeme, pamoja kwenye mashini moja.

Jirani zetu wa Kenya wana fundisho. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kijaribu kuunda gari la nchi. Magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa mwaka 1990, lakini hayakufika sokoni. Kilichobaki ni mashini na watu waliojua kuzitumia, na kiwanda kikapewa jina la Numerical Machining Complex, cha kuchonga piese za chuma. Mradi ulianguka, lakini chuma hakikuuzishwa kwa kilo.

Basi papa fundi, mama mwenye atelye, padri mwenye shule ya ufundi: kama uko na frezi iliyolala, fanya mambo matatu wiki hii. Ipake mafuta na uifunike. Piga picha ya kila waya na kila karatasi iliyo ndani ya kabati. Itisha mtu mwenye komparatere aipime. Mnunuzi wa kilo atakuja kesho na kesho kutwa pia. Jibu utampa kiisha kupima.