Kuachiliwa huru hakufungui akaunti

"Wakili, si mahakama ilisema sina hatia? Mbona benki bado imenikatalia pesa zangu?" Swali hili huja na nakala ya hukumu yenye mhuri. Meneja wa benki haisomi, wala hakosei: amri inayomfunga mikono haikutolewa na hakimu aliyekuachilia.

Wengi huamini kesi ya jinai ikianguka, amri ya mali huanguka nayo. Sivyo. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kuzuia Utakatishaji wa Pesa ya 2009, Mamlaka ya Kurejesha Mali (ARA) huenda Mahakama Kuu kwa kesi ya madai inayoiandama mali yenyewe. Si lazima mtu ahukumiwe. Si lazima hata ashtakiwe. Katika jinai, upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana. Huku jaji hupima tu ushahidi wa nani una uzito zaidi, na kifungu cha 92 kinatamka kwamba matokeo ya jinai hayatengui amri ya kutwaa mali. Na ikiwa upande wa mashtaka uliiondoa kesi yako kwa kile kifungu maarufu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa jinai, usinionyeshe hata hiyo karatasi: unaweza kushtakiwa upya kesho. Anayekuuzia "barua ya kufungua akaunti" anakuuzia karatasi.

Haya, ya kufanya. Pata nakala ya amri iliyozuia akaunti ujue aliyeiomba ni nani. Ikiwa ni Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), kwa kifungu cha 56 cha sheria ya ufisadi, una siku 15 tangu ukabidhiwe kuomba iondolewe. Amri yenyewe hudumu miezi sita na huweza kuongezwa. Ikiwa ni ARA, hesabu siku 90 tangu tangazo katika Gazeti Rasmi: zikiisha bila ombi la kutwaa mali kuwasilishwa, amri imekufa. Ukikosa cha kula, kifungu cha 89 kinaruhusu kulegezewa, mradi taabu yako izidi hatari ya pesa kutoweka. Na wewe uliyenunua kihalali, kwa bei ya haki, gari au ploti inayoandamwa, dai fungu lako mapema.

Kote huko utaulizwa pesa zilitoka wapi. "Babu aliuza ng'ombe" si ushahidi. Leta mkataba, taarifa za benki na ritani za ushuru za Mamlaka ya Mapato (KRA), na mnunuzi wa hao ng'ombe aape hati yake ya kiapo.